Harara ya Kariakoo: Sakafu, Paa na Upepo katika Mizani

Kila ifikapo miezi ya kaskazi, tangu Disemba hata Machi, maneno huwa mengi Kariakoo juu ya namna ya kuipoza nyumba, na mwenye kutaka kujenga au kukarabati hubaki njia panda. Fundi wa jipsam humwambia kuwa ugonjwa wote umo darini. Muuza viyoyozi humwambia kuwa dawa ni moja tu, nayo imo dukani mwake. Wazee wa mtaa humkumbusha kuwa nyumba za zamani hazikuwa na mashine na watu walilala usingizi. Na siku hizi wamezuka wengine waliokwisha kuona, kwa macho au kwa picha, nyumba za Ulaya zenye mabomba ya maji ya moto yaliyolazwa chini ya sakafu za mbao, kati ya boriti na boriti, nao huuliza swali ambalo si la kupuuzwa hata kidogo: ikiwa maji ya moto yapitayo chini ya sakafu humtoa mtu baridi katika nchi ya theluji, kwa nini maji ya baridi yapitayo hapo hapo yasimtoe mtu harara katika nchi ya jua?

Katika rai hizi nne hakuna iliyo batili kabisa, wala hakuna iliyokamilika. Fadhaa ya watu haitokani na uongo wa wasemao, bali hutokana na kuwa kila msemaji huianza habari katikati, pale ilipo bidhaa yake au kumbukumbu yake. Mwenye kutaka kuhukumu kwa insafu hana budi kurudi nyuma na kuuliza harara hii yatoka wapi, yaingia kwa mlango gani, na ni mlango gani ulioachwa wazi ili ipate kutoka.

Chanzo cha harara

Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua lake la adhuhuri kwa sehemu kubwa ya mwaka husimama karibu na utosi. Kwa hiyo kinachopigwa zaidi si ukuta, bali ni paa. Hapo ndipo inapoanza tofauti yetu na watu wa kaskazini ya dunia, ambao jua lao huinama na kuingia madirishani, hata wakaona neema kulikaribisha, ilhali sisi hulibeba kichwani tangu saa tatu ya asubuhi hata saa kumi.

Walakini joto la mchana peke yake lisingekuwa taabu kubwa. Katika nchi kavu za bara, mathalan Dodoma, jua huwa kali lakini usiku hupoa, na nyumba yenye kuta nene huweza kuukusanya ubaridi wa alfajiri na kuutumia hata mchana. Pwani bahari haikubali mapatano hayo. Mwezi wa Januari joto la mchana hufikia nyuzi 32, na usiku wa manane aghalabu halishuki chini ya nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi saba tu, na ukuta mnene uliotegemea usiku kupumua haupati nafasi ya kupumua. Fauka ya hayo, hewa ya pwani imejaa unyevu, ile rutuba inayoifanya chumvi kushikana katika kopo na nguo kunuka kabatini.

Unyevu huo ndio ulio kiini cha jambo. Mtu aliyekaa bila kazi hutoa katika mwili wake joto la kadiri ya wati 100, sawa na taa moja kubwa ya zamani, na mwili hauna njia nzuri ya kulitupa joto hilo, hewa ya nje inapokaribia joto la ngozi, ila kwa jasho kukauka. Hewa iliyokwisha shiba maji haipokei jasho upesi. Jasho hukaa juu ya ngozi, likateleza, lisipoze. Ndipo inapofaa hewa hiyo iondolewe ije nyingine, yaani upepo. Upepo wa mwendo wa mita moja kwa sekunde, ambao hautoshi hata kupeperusha karatasi mezani kwa nguvu, humfanya mtu ahisi kana kwamba chumba kimepungua nyuzi mbili au tatu, ijapokuwa kipimajoto hakikusogea. Asiyeizingatia tofauti hii kati ya kipimajoto na ngozi atanunua vitu vingi bila faida.

Mtaa ulivyojengwa

Kariakoo haikuota yenyewe. Mistari yake iliyonyooka ilichorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walipokusudia kuwaweka Waafrika mahali palipotengwa na mji wa Wazungu; na Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, walipigishwa kambi huko, na jina lao likatafunwa na ndimi za watu hata likawa Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi kati ya mtaa huo na Uhindini, ulihesabiwa na watawala kuwa kinga ya maradhi, ingawa dhahiri ilikuwa kinga ya ubaguzi kuliko ya afya.

Juu ya viwanja hivyo palisimama nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi uliopasua katikati tangu mlango wa mbele hata wa nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani penye jiko na choo. Kuta zilikuwa za miti iliyofungwa fito na kukandikwa udongo, na miti yenyewe aghalabu ilikuwa mikoko ya pwani, kama ile iliyokuwa ikikatwa katika maingilio ya Rufiji na kupakiwa majahazini hata Uarabuni, ikapangwa kwa daraja zake, boriti kwa unene wake na pau na fito kwa wembamba wake. Paa lilikuwa la makuti, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa na mabati.

Ukiipima nyumba hiyo kwa elimu ya joto, wala si kwa mapenzi ya zamani, utaona kuwa ilikuwa na hekima nne. Makuti hayapitishi joto upesi, na kati ya ukuta na paa palibaki mwanya wa kutokea hewa ya moto. Ukumbi, milango yake miwili ikiwa wazi, ulikuwa mkondo wa upepo. Moto wa jiko ulikaa uani, usiongeze harara vyumbani. Na ya nne, isiyotajwa na wengi, ilikuwa sakafu: nyumba ililala juu ya ardhi, na ardhi iliyofunikwa na nyumba, isiyopigwa na jua, hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima, nao kwa Dar es Salaam ni takriban nyuzi 26. Mtu aliyetandika mkeka juu ya sakafu hiyo wakati wa adhuhuri, hewa ya nje ikiwa nyuzi 32, alikuwa amelalia kitu kilichopoa kuliko kila kitu kilichomzunguka, bila bomba, bila pampu wala malipo.

Haifai, hata hivyo, kuisifu nyumba hiyo kupita haki yake. Vyumba vyake vilikuwa na dirisha dogo, nalo usiku likafungwa kwa hofu ya wezi. Mwanya wa paa uliotoa joto uliingiza mbu, na mbu malaria. Mchwa walizila nguzo, na makuti yalishika moto upesi. Walioondoka katika makuti wakaenda katika bati hawakuwa wajinga. Walinunua salama ya moto na mvua, wakailipa kwa harara, maana bati tupu chini ya jua la adhuhuri, hasa likishaota kutu, huweza kufikia nyuzi 60, likawa jiko lililopinduliwa juu ya vichwa vya watu.

Kisha likaja zege. Thamani ya kiwanja Kariakoo imepanda hata nyumba ya vyumba sita haiwezi tena kuilipia ardhi inayoikalia, na hasa tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimevunjwa moja baada ya moja, yakainuka maghorofa yenye fremu za maduka chini, stoo katikati na makazi juu. Ukumbi wa upepo umekuwa korido yenye ukuta mwishoni. Uani pamejengwa. Kuta za jirani na jirani zimegusana. Na sakafu iliyokuwa imelalia ardhi imepandishwa hewani, ikatengwa na ile hazina ya nyuzi 26.

Rai ya mabomba chini ya sakafu

Wenye rai hii wanastahili kusikilizwa kwanza, kwa kuwa rai yao ndiyo mpya, na kwa kuwa kuichunguza hutufunulia tabia ya vitu vyote vingine.

Kupasha nyumba moto kwa sakafu si jambo geni duniani. Warumi walipitisha moshi wa moto chini ya sakafu za mabafu yao, na Wakorea wanayo mila ya namna hiyo tangu kale. Hata katika pwani yetu kulikuwa na majengo ambamo joto lilitafutwa kwa makusudi, nayo ni hamamu: Sayyid Said alijenga ya Kidichi huko Unguja kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, akawajengea watu wa mjini ile ambayo mtaa wake ungali ukiitwa Hamamni. Lakini hamamu zilijengwa kwa mawe na chokaa, vitu visivyoogopa maji. Hakuna aliyethubutu kuzilaza juu ya mbao.

Mafundi wa Ulaya wa leo hulazimika kuthubutu, kwa sababu nyumba zao nyingi za zamani zina sakafu za mbao juu ya boriti. Kazi hiyo ina mashaka matatu. La kwanza ni kuwa ubao hupitisha joto kidogo mno, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya lile lipitishwalo na zege, basi bomba lililoachwa chini ya ubao bila msaada hupasha nafasi iliyo chini ya sakafu badala ya chumba kilicho juu. Kwa hiyo hutandazwa mabamba ya alumini kulisambaza joto, na chini yake, kati ya boriti na boriti, hujazwa tabaka la kuzuia joto lisikimbilie chini; na hata hivyo maji huhitaji kuwa ya moto zaidi kuliko yale ya sakafu ya zege. La pili ni nguvu ya boriti yenyewe. Boriti iliyobeba mzigo hubanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini, na katikati ya kimo chake ndipo penye raha. Kwa hiyo kanuni iliyozoeleka Uingereza ni kwamba mkato wa juu usizidi sehemu moja ya nane ya kimo cha boriti, na tundu, lililotobolewa katikati ya kimo, lisizidi robo yake, na vyote viwili viwe katika sehemu maalumu za urefu wake. Fundi wa mabomba asiyejua hayo, akachimba mifereji apendavyo, huacha sakafu nzuri ya kutazamwa isiyoweza kubeba watu wa arusi. La tatu ni uzito: mwenye kukwepa mabamba ya alumini akamwaga sakafu nyembamba ya saruji ya sentimita 6 juu ya mbao huongeza kadiri ya kilo 120 kwa kila mita ya mraba, mzigo unaokaribia ule wa watu na vyombo ambao sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu. Boriti zetu za mikoko katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilibeba mawe na chokaa mazito mno, ni kweli, lakini zilipangwa karibu karibu na vyumba vikafanywa vyembamba, mita tatu au pungufu, kwa sababu hiyo hiyo. Kuzikata au kuzitoboa ni kuvunja mapatano ambayo mwashi wa kwanza alifanya na mti.

Mashaka hayo yote mafundi wa Ulaya huyashinda, na sakafu yao yenye uso wa nyuzi 29 katika chumba cha nyuzi 20 hutoa takriban wati 100 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kutosha nyumba iliyozibwa vizuri. Lakini geuza sasa mambo, utake sakafu ipoze. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa ya kawaida kabisa kwa Kariakoo wakati wa kaskazi, huanza kudondosha maji mara igusapo kitu chenye nyuzi 25 au chini ya hapo, kama tuonavyo glasi ya maji ya barafu ikitoa jasho mezani. Basi sakafu haiwezi kushushwa chini ya nyuzi 26 bila kulowana. Tofauti iliyobaki kati ya chumba na sakafu ni nyuzi tatu au nne, na kwa tofauti hiyo sakafu huondoa kadiri ya wati 20 hata 30 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 12 za mraba kitaondolewa wati 300 hivi, yaani joto la watu watatu waliokaa kimya, bila kuhesabu jua, taa, friji wala jiko. Mwenye kuilazimisha ipoze zaidi atapata sakafu ya umande: ikiwa ni ya vigae watu watateleza, na ikiwa ni ya mbao maji yatajikusanya penye giza, kati ya ubao na bomba, na kuvu, mchwa na bungua watakaribishwa pahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki mpaka siku boriti itakapolia.

Kwa hiyo swali lina jibu, nalo ni kwamba maji ya moto na maji ya baridi si ndugu sawa. Sakafu ya kupasha hukausha hewa inayoigusa. Sakafu ya kupoza huilowanisha. Zipo nchi za joto ambako viwanja vya ndege na majumba makubwa hupozwa kwa sakafu, lakini humo hewa hukaushwa kwanza kwa mitambo, na madirisha hayafunguliwi kamwe. Kwa nyumba ya Mtaa wa Swahili au Mtaa wa Kongo gharama hiyo ni ya kulipia mambo mawili ili kupata moja.

Rai ya kiyoyozi

Nguvu ya kiyoyozi, au eesi kama wengi wasemavyo, haikanushiki. Mashine ndogo ya chumba cha kulala huondoa takriban wati 3,500, mara kumi na zaidi ya ile sakafu yetu, na fauka ya hayo huiondoa ile rutuba. Matone yanayowaangukia wapita njia kutoka ukutani ndiyo jasho lile lile ambalo sakafu ingelimwaga ndani. Tofauti ni kuwa mashine ina sinia ya kulikinga na bomba la kulitoa. Kwa mgonjwa, kwa mtoto mchanga mwenye vipele vya joto, kwa stoo ya dawa, hakuna cha kushindana nayo.

Madhara yake yamo katika hesabu na katika ujirani. Mashine hiyo ikivuta kadiri ya kilowati moja kwa muda wa saa nane za usiku, Luku hupungukiwa na uniti sita hata nane, ilhali pangaboi la wati 70 kwa saa hizo hizo halimalizi hata uniti moja. Na pale mgao wa umeme au hitilafu inapotokea, chumba kilichojengwa kwa kutegemea mashine, chenye dirisha la kioo lisilofunguka, huwa hakikaliki kwa nusu saa. Lakini lililo kubwa zaidi halimo katika Luku ya mtu yeyote. Kiyoyozi hakiangamizi joto, hulihamisha. Huchukua sehemu tatu chumbani, hutumia moja ya umeme, na hutupa nne nje. Penye uwanja mpana upepo huzichukua. Penye kichochoro cha mita moja kati ya maghorofa mawili, sehemu hizo nne humrudia jirani dirishani, naye hufunga dirisha, hununua mashine, na hutupa zake nne. Hivyo kila mmoja hutenda lililo la akili kwa nafsi yake, na wote kwa pamoja huufanya mtaa kuwa tanuri. Katika jambo hili lawama haimwangukii mnunuzi, bali kichochoro.

Rai ya paa na dari

Hapa maneno hayahitaji kuwa mengi, kwa sababu dalili ni wazi. Kwa kuwa jua hushuka juu ya paa, kilicho rahisi kuliko vyote ni kulizuia hapo. Bati au zege lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua mbinguni kabla halijawa joto, maadamu rangi inasafishwa, na Kariakoo ina vumbi. Dari ya jipsam au mbao, yenye nafasi juu yake na matundu ya kutokea hewa, humkinga mtu na mnururisho wa bati. Isiyo na matundu hukusanya moto mchana kutwa na kuumwaga usiku. Udhaifu wa rai hii si ubovu wake, bali ni mipaka yake: katika ghorofa la tabaka nane, paa ni la tabaka la nane tu. Wapangaji saba walio chini hawapati chochote kutokana na dari ya mwenzao, na tabaka zao huteswa na kuta za magharibi na hewa iliyosimama.

Rai ya upepo

Wazee wanaposema kuwa nyumba zilikuwa na upepo, huwa wanataja kitu ambacho hakikuwa mali ya nyumba peke yake. Upepo wa kaskazi na wa kusi hauingii chumbani kwa kuwa chumba kina dirisha. Huingia kwa kuwa una mahali pa kutokea upande wa pili, na kwa kuwa jirani amebakiza nafasi. Ghorofa lenye chumba upande mmoja wa korido na chumba upande wa pili, milango yote imefungwa, halina upepo hata likiwa na madirisha mia.

Ushahidi kwamba zege na upepo vyaweza kukaa pamoja umesimama katikati ya mtaa wenyewe. Beda Amuli alipobuni Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, hakuwafungia wauzaji ndani ya kasha. Aliwafunika kwa miavuli mikubwa ya zege iliyobebwa na nguzo, jua likazuiliwa juu na hewa ikapita chini yake, kama soko la kale lilivyokaa chini ya miti. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza soko hilo, lakini haukuiunguza hoja yake. Mtu aliyekuwa na zege lile lile, nondo zile zile na jua lile lile alipata kivuli na hewa, kwa sababu alianza kwa kuuliza hewa itapita wapi.

Rai hii nayo ina gharama zake, na wanaoitetea hawafai kuzificha. Dirisha lililo wazi katika Kariakoo huingiza vumbi, kelele za spika za wauzaji, na mbu. Usiku huhitaji wavu na nondo. Na nafasi ya hewa ni ardhi. Mita mbili zilizoachwa upande wa kiwanja ni mita mbili ambazo fremu haikujengwa, na kodi ya fremu hiyo, kwa bei za Kariakoo, yaweza kununua viyoyozi vingi kila mwaka.

Mizani

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe, nalo si la ufundi. Ajengaye siye alalaye. Mwenye kiwanja hupata kodi kwa kila mita aliyojenga, wala hapati chochote kwa mita aliyoacha wazi. Mpangaji ndiye anayeijaza Luku na ndiye anayekesha. Lau mtu mmoja angelipa gharama zote mbili, ghorofa nyingi zingalichorwa vingine. Kwa kuwa hawalipi mmoja, soko huru la kodi litaendelea kuziba kila mwanya na kuuza mashine za kuziba athari yake. Kumlaumu fundi wa jipsam au muuza viyoyozi ni kuwalaumu wauza mwavuli kwa sababu ya mvua.

Ama kwa mtu mmoja mmoja, hukumu ni hii. Mwenye nyumba ya chini na apake paa lake rangi nyeupe, aiachie dari yake matundu, na sakafu yake ya saruji au vigae iliyolalia ardhi asiifunike kwa zulia la sponji, maana atakuwa ameifunika feni yake ya bure. Mpangaji wa tabaka za katikati na atafute kwanza chumba chenye madirisha ya pande mbili, hata kwa kodi iliyozidi kidogo, kisha pangaboi. Na akitaka kiyoyozi, kiwe katika chumba kimoja kidogo kinachofungika sawasawa, kwa saa za usingizi. Mabomba ya sakafu, ya baridi au ya moto, Kariakoo asiyanunue. Mwenye kujenga Njombe au Makete, ambako usiku wa Julai hutaka moto, ana sababu ya kuyafikiria, na akiwa na sakafu ya mbao basi azichunge boriti zake kabla ya kuyachunga mabomba.

Lakini mtu mmoja hawezi kumwachia jirani upepo kwa hiari yake huku jirani akiziba. Kazi hiyo ni ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo ndiyo yenye kutoa kibali cha ujenzi na kusoma michoro kabla ya msingi kuchimbwa. Mchoro huulizwa habari za nguzo, za choo na za maegesho. Tunaiomba Halmashauri iulize swali moja zaidi kwa kila tabaka la kila ghorofa: upepo utaingia wapi, na utatokea wapi, na mchoro usio na jibu urudishwe kwa mwenyewe.